Nyumba Iliyolielekea Jua: Kusoma Umbo la BedZED

BedZED, mtaa wa makazi uliojengwa ili utumie nishati kidogo, haisomeki kwa kusimama mbele yake. Ukisimama mbele utaona safu za nyumba za ghorofa, matofali ya kawaida, mbao za mwaloni, vioo vingi kuliko ilivyo desturi ya Waingereza, na juu ya mapaa msururu wa kofia za rangi kali zinazogeuka kila upepo unapogeuka. Mpita njia hutabasamu, akapiga picha, akaenda zake. Ili kuisoma sawasawa inabidi uikate kutoka kusini hadi kaskazini, kama mchoraji anavyochora mkato wa jengo, kisha uitazame kwa ubavu. Maamuzi yote makubwa yamo kwenye mkato huo. Uso wa mbele ni matokeo tu.

Mtaa wenyewe uko Hackbridge, katika wilaya ya Sutton, kusini mwa London. Ulijengwa kati ya 2000 na 2002 kwenye hekta 1.7 hivi za ardhi iliyochakaa, jirani na mitambo ya majitaka. Msanifu ni Bill Dunster, wahandisi ni Arup, mwenye mradi ni Peabody, shirika la nyumba ambalo mizizi yake iko katika karne ya 19, na chachu ya wazo ilitoka kwa shirika la mazingira la BioRegional. Halmashauri ya Sutton ilikubali kiwanja kiuzwe chini ya bei ya juu kabisa ambayo kingeweza kupata, ikihesabu faida ya mazingira kuwa sehemu ya malipo. Makazi ni 100, fleti na nyumba za familia zimechanganywa. Mengine yaliuzwa sokoni, mengine yakapangishwa kwa nafuu, mengine yakatolewa kwa umiliki wa ubia, yaani unanunua sehemu na kulipia pango sehemu iliyobaki. Humo lilikuwemo fungu la watu ambao Waingereza walikuwa wameanza kuwaita wafanyakazi muhimu: wauguzi, walimu, polisi. London ilikuwa haiwezi kuishi bila wao, na wao walikuwa hawawezi kuimudu London. Mwaka 2001 serikali ilianzisha mpango wa kuwasaidia kununua nyumba ya kwanza. 2004 ukafuata mwingine mpana zaidi.

Swali langu kwa umbo hili ni moja: linamwazia nani? Kila nyumba ina mkaaji iliyemkusudia, hata kama mchoraji hakumtaja popote. Landhi za Muthurwa, Nairobi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, zilimwazia mwanamume asiye na mke wala mtoto. Familia zilipokuja zikajibana katika chumba kilekile, na hakuna aliyehitaji kusoma sera ya kikoloni ili ajue ilivyowafikiria. Vipimo vya chumba vilitosha kumweleza. BedZED ni jengo la nia njema kuliko hilo kwa mbali sana, lakini nalo lina mtu wake.

Tuanze kusini, linakotokea jua la huko. Adhuhuri ya Desemba, jua la London huinuka nyuzi 15 tu juu ya upeo. Kwa jua la chini hivyo, ukuta wa mita 10 hutupa kivuli cha mita 37. Juni, jua hilohilo hufika nyuzi 62, na kivuli cha ukuta uleule hakizidi mita 6. Anayetaka kila nyumba ipate jua la Desemba, wakati linapohitajika kweli, analazimika kuziachanisha safu zake kwa karibu mita 40. Hapo mtaa unageuka shamba. Nyumba zinakuwa chache, gharama ya ardhi kwa kila nyumba inapanda, na muuguzi aliyekusudiwa anaambiwa bei asiyoiweza. Jua na nafuu vinagombania kiwanja kimoja.

Jibu la Dunster ndilo lililoniteka nilipoanza kuusoma mchoro huu. Makazi yote ameyapanga upande wa kusini wa kila safu, yakilitazama jua. Nyuma yake paa linainama na kushuka kuelekea kaskazini, ili kivuli kiwe kifupi. Kile kivuli kinachobaki, ambacho hakuna hesabu ya kukifuta, amekijengea: chini ya mgongo wa safu, mahali ambapo jua la Desemba halifiki, ameweka ofisi na karakana ndogo zenye madirisha ya juu yanayopokea mwanga wa kaskazini. Hapakuwa na nia ya kuwaonea wanaofanya kazi humo. Ofisi imejaa watu na kompyuta, na kompyuta hutoa joto mchana kutwa; adui wa ofisi ni kuzidiwa na joto, na mwanga wa kaskazini, uliotulia na usioumiza macho, ndio unaoifaa. Sehemu iliyoonekana hasara ikapata mwenyewe. Kwa hesabu hiyo safu zikaweza kusogeleana, na hekta moja na robo tatu kasoro ikabeba kaya 100 pamoja na sehemu za kazi bila kujenga mnara.

Halafu, juu ya dari za ofisi hizo, akamwaga udongo. Bustani zikawekwa huko, na fleti za juu zikaunganishwa na bustani zake kwa vidaraja vyembamba vinavyovuka kichochoro cha watembea kwa miguu. Mtu wa ghorofani anafungua mlango, anavuka hatua chache hewani, na kusimama kwenye udongo wake.

Nakaa kidogo hapa, kwa sababu kwangu hiki kidaraja ndicho kipande kizuri kuliko vyote katika jengo zima. Nyumba za kuwahifadhi wafanyakazi, Ulaya na kwetu pia, kwa kawaida humpa mtu chumba na kumnyang'anya ardhi. Mwenye fleti ya juu huambulia roshani ya kuanikia nguo, tena yenye nondo. Hapa mchoraji amekataa kuiita bustani anasa ya wanaokaa chini. Na hakukataa kwa hotuba. Alitumia dari ambayo tayari ilikuwepo, ya jengo ambalo tayari lilikuwepo kwa sababu ya kivuli ambacho tayari kilikuwepo. Uamuzi mmoja umezaa mwingine, na huo ukazaa wa tatu. Wahakiki wa fasihi tunapoitaja fani iliyoshikamana na maudhui hadi huwezi kuvitenganisha, tuna maana ya jambo la namna hii.

Kichochoro nacho kina kazi. Magari yamesukumwa pembeni, watu wanapita katikati, na anayevuka kidaraja anaonana na anayepita chini. Uchunguzi uliofanywa kwa wakaaji mwaka 2007 ulikuta kwamba kwa wastani mtu wa BedZED aliwajua majirani 20 kwa majina, wakati wastani wa eneo lile ulikuwa 8. Sisemi kwamba kidaraja ndicho kilichowatambulisha. Waliohamia huko mwanzoni walikuwa watu wenye shauku ya jambo jipya, na shauku huwakutanisha watu. Lakini umbo halikuwazuia, na majengo mengi ya ghorofa huzuia.

Upande wa mbele wa kila makazi, kati ya sebule na nje, kuna chumba cha vioo. Kina tabaka mbili: kioo cha nje kinachotazama barabara au bustani, na kioo cha ndani chenye milango inayofunguka sebuleni. Siku ya baridi yenye jua, chumba hiki hupata joto kabla ya nyumba. Mkaaji hufungua milango ya ndani, joto likaingia. Jua likizama hufunga, na hewa iliyobaki katikati inakuwa ngao. Majira ya joto kazi inageuka: vioo vya nje hufunguliwa, na kibanda hicho cha vioo kinakuwa roshani. Humo watu huweka maua, huanika nguo, huegesha baiskeli, hunywa chai.

Lakini angalia lugha ya maelezo hayo. Fungua, funga, fungua tena. Nyumba ya kawaida ya Kiingereza yenye bomba za kupashia joto humwambia mkaaji neno moja tu: washa. Hii imejaa vitenzi vya amri, na kila amri ina saa yake. Inamtaka mtu aliyepo, aliye macho, anayejua jua liko wapi na ambaye mikono yake ni mitupu. Tutarudi kwake.

Nyuma ya vioo, nyumba imefungwa kila upande kwa tabaka la kuzuia joto lenye unene wa milimita 300, na ndani yake kuta na dari ni za zege na matofali mazito ya saruji. Dari zimeachwa wazi bila kufunikwa kwa mbao wala jipsamu. Zege lile linapokea joto polepole na kulitoa polepole. Ni chupa ya chai yenye vyumba: joto la mwili, la jiko, la taa, la jua, vyote vinahesabiwa kuwa mafuta ya kuendeshea nyumba. Mfumo wa kawaida wa kupashia joto haumo. Kuna tangi la maji ya moto ndani ya kabati katikati ya nyumba, na siku za baridi kali joto la ziada hutoka hapo. Vipimo vya 2007 vilionyesha kwamba matumizi ya nishati ya kupashia joto yalikuwa chini ya wastani wa Sutton kwa asilimia 81, na ya umeme kwa asilimia 45. Kwa mfanyakazi wa mshahara wa serikali hizi ni pesa halisi: bili ambayo haikuja. Nyumba ya nafuu ambayo kila Januari inadai gesi ya kutisha si ya nafuu.

Kofia zile za rangi sasa. Nyumba iliyofungwa hivyo ingemkosesha mtu hewa. Kila kofia ina mdomo na mkia. Upepo unaugeuza mkia, mdomo ukakabili upepo, hewa safi ikashuka, na ile iliyotumika ikapanda kutokea upande wa pili. Zikipishana ndani, inayotoka humpa inayoingia hadi asilimia 70 ya joto lake. Hakuna feni wala umeme, na hakuna mngurumo. Aliyewahi kuona minara ya upepo ya nyumba kongwe za Dubai au Muharraq ataitambua jamaa yao, ingawa dhamira imepinduliwa: kule upepo unaitwa ushuke upoze, hapa unaruhusiwa kupita kwa sharti usiondoke na joto. Kuhusu rangi zake nimesikia lawama kwamba ni za kitoto. Sikubaliani. Ukuta mnene hauonekani kuwa mnene, zege lililohifadhi joto halitoi ishara yoyote, na jengo ambalo fadhila zake zote zimefichika lina haki ya kuwa na kitu kimoja kinachosema. Kofia ndiyo sehemu pekee inayotembea, na inatembea kwa kazi.

Hadi hapa nimekuwa nikisoma sehemu ambazo zingali zikifanya kazi yake. Sura nyingine ya BedZED ni ya mitambo, na hiyo ilikufa mapema. Katikati ya mradi palikuwa na mtambo wa kuzalisha umeme na maji ya moto kwa pamoja, ukichoma vipande vya miti iliyopunguzwa mijini. Ulikusudiwa uwe moyo wa mtaa. Ulitakiwa kuzimwa usiku kwa ajili ya kelele, na gesi ya kuni haipendi kuzimwa: ikipoa, lami inaganda ndani ya vyombo. Kufikia 2005 mtambo ulikuwa umesimama na nafasi yake ikachukuliwa na bwela za gesi za kawaida. Mtambo wa kusafisha maji kwa mimea, uliopangwa ndani ya banda la vioo, nao ulizimwa. Paneli za sola, mita za mraba 777, zilihesabiwa ziendeshe magari 40 ya umeme. Magari hayakuja kwa wingi huo, na umeme ukatumika majumbani.

Ni rahisi kulifanyia jambo hili kejeli, na waliofanya hivyo si wachache. Mimi naliona kama ushahidi wa uhakiki. Chukua orodha ya vilivyokufa na uiweke kando ya orodha ya vilivyobaki. Mwelekeo wa safu, mwinamo wa paa, unene wa ukuta, uzito wa zege, kibanda cha vioo, kofia: hivi vilikuwa vimechongwa kwenye umbo, na havihitaji fundi wa zamu. Tanuri na kisafisha maji vilikuwa vimetundikwa juu ya umbo, vikihitaji mkataba, vipuri na mtu wa kuamshwa usiku. Mtaa wa kaya 100 ni mdogo mno kumlipa mtu huyo. Chuma cha jengo, kwa upande mwingine, kwa sehemu kubwa kilikuwa chakavu kilichookolewa, kikiwemo cha kituo cha reli cha Brighton, na hakuna anayekikumbuka, kwa sababu kimesimama tu.

Jikoni kuna jambo dogo la kutazama kwa karibu. Mita za umeme na maji, ambazo kwingine hufichwa chini ya ngazi au nje ya mlango, hapa zimewekwa nyuma ya kioo, mahali mpishi anapoziona. Anayechemsha birika anaona namba ikikimbia. Mwaka 1926, Frankfurt, Margarete Schütte-Lihotzky alilibana jiko la fleti ya mfanyakazi ndani ya mita 1.9 kwa 3.4, baada ya kupima hatua za mama wa nyumba kana kwamba yuko kiwandani. Majiko kama 10,000 yalijengwa. Jiko lile lilihesabu hatua kwa niaba ya mpishi. Hili linamwachia mpishi ahesabu mwenyewe. Nalipenda la pili, japo lina harufu kidogo ya mwalimu wa zamu.

Frankfurt nimeitaja kwa sababu nyingine pia. Safu ndefu zilizopangwa ili kila fleti ipate jua hazikuanza Sutton. Mkuu wa ujenzi wa Frankfurt kati ya 1925 na 1930, aliyeyaweka majiko yale katika mitaa yake, alikuwa Ernst May, na safu zilizopangwa kwa ajili ya jua na hewa ndizo zilizompa jina. Mwaka 1934 May alihamia Tanganyika, akalima karibu na Arusha, kisha akafungua ofisi Nairobi. Mpango wa kuupanua mji wa Kampala katika miaka ya 1940 ni wake, na hoteli ya Oceanic ya Mombasa ni yake. Aliyelitafuta jua Frankfurt, huku kwetu alilikimbia. Katika Dar es Salaam jua la adhuhuri ya Juni liko kaskazini, nyuzi 60. La Desemba liko kusini, nyuzi 73. Nyumba haina mgongo wa kudumu wa kulipa jua. Kuta zinazoteswa ni za mashariki na magharibi, na chumba cha vioo mbele ya sebule kingekuwa tanuri la mkate. Nasema haya kwa sababu fleti za vioo zinachipua Dar es Salaam na Nairobi kwa kasi, na nyingi zimebandikwa jina la kijani. Wanaonakili picha ya BedZED wananakili jibu la nyuzi 51 kaskazini. Kilicho halali kuiga ni njia ya kufikiri: kuuliza kivuli kinaangukia wapi kabla ya kuuliza dirisha liwe la umbo gani.

Sasa turudi kwa yule mtu wa fungua-funga. Mchukulie muuguzi wa zamu ya usiku. Hospitali ya St Helier haiko mbali na hapo, na miongoni mwa wauguzi wa hospitali za Uingereza wapo wengi waliozaliwa Kenya, Uganda na Zimbabwe. Anaingia kazini saa moja na nusu jioni, anatoka saa mbili asubuhi. Saa tatu yuko kitandani. Ataamka saa tisa, saa kumi alasiri.

Katika mambo kadhaa nyumba hii inamfaa kuliko karibu nyumba yoyote ambayo mshahara wake ungemfikisha. Ukuta mnene unazuia kelele kama unavyozuia baridi. Hewa inaingia bila feni na bila kufungua dirisha linaloelekea barabarani. Majirani 20 wanaomjua kwa jina wanajua pia kwamba analala mchana, na mtoto wa jirani anaweza kuambiwa akacheze mpira kwingine.

Lakini ratiba ya jengo na ratiba yake hazipatani. Desemba, saa chache za jua la kusini zinapofika, yeye amefunga mapazia. Zege halipati mlo wake. Milango ya ndani ya kibanda, iliyopaswa kufunguliwa saa saba mchana, imefungwa kwa sababu wa kuifungua amelala. Na anapoamka, jua linakaribia kuzama au limeshazama. Juni mambo ni magumu zaidi. Wakaaji wengi wa BedZED wamelalamikia joto la kiangazi, na wao ni watu wa mchana ambao wakati joto linapopanda wako kazini. Yeye yuko kitandani kwenye kilele chenyewe. Dawa ya nyumba yenye zege zito ni kuifungua usiku, hewa baridi ipite na kuliosha zege lile joto la mchana. Usiku, mwenye nyumba yuko wodini. Nani ataacha madirisha wazi? Kofia zitaendelea kupitisha hewa, lakini zilihesabiwa kwa ajili ya kupumua, si kwa kuipoza nyumba nzima. Asubuhi anarudi kwenye zege ambalo halikupoa, na jua linaanza tena.

Kwa hiyo mtu ambaye mkato huu unamwazia tunaweza kumchora: anaondoka asubuhi au anafanya kazi zake hapohapo nyumbani, jioni yupo, usiku yuko kitandani na dirisha lake liko wazi. Ni mwalimu, huenda. Ni karani, ni msanifu wa majengo. Polisi, muuguzi, mkunga na zimamoto, ambao umuhimu wao kwa jiji ni kwamba wako macho wakati wengine wamelala, walipewa fungu la nyumba bila kupewa mstari kwenye mchoro. Kwenye hati za mradi wamo kama kipato. Kwenye umbo hawamo kama saa.

Linaloniuma, nikiusoma mkato huu tena kutoka kusini hadi kaskazini, ni kwamba chumba chao kimo. Ukanda ule wa nyuma, chini ya mwinamo wa paa, usiopigwa na jua, wenye mwanga mtulivu na dari iliyofunikwa udongo, ndio mahali pa kulala mchana. Umepoa Juni. Unaweza kutiwa giza bila kuzima kibanda cha vioo upande wa pili, na mapazia ya chumbani hayatalinyima jua zege la sebuleni. Mchoraji aliyaona hayo yote sawasawa, akahitimisha kwamba kinachohitaji mahali pa baridi mchana ni kompyuta.

Kumrekebisha si kazi ya bure. Ukiingiza chumba cha kulala kaskazini kwa baadhi ya fleti, utapoteza sehemu ya ofisi, na pamoja nayo pango lake. Chumba hicho kitakosa jua la majira ya baridi na kitaegemea joto la sebuleni, kwa hiyo mlango wa kati lazima uwe mzuri. Na mazungumzo ya kichochoroni yatapita karibu na mto wa mtu aliyelala saa tano asubuhi, hivyo dirisha lingefaa libaki juu, palepale lilipochorwa kwa ajili ya ofisi. Kibanda cha vioo kingehitaji vifuniko vya nje vya kuzuia jua, na matundu ya juu yanayoweza kuachwa wazi usiku bila mwizi kupita. Si kwa fleti zote 100. Kwa lile fungu lililotengwa, kumi au ishirini, ingetosha kugeuza mpango wa vyumba na kuuacha mkato ulivyo, na kumpangia mwenye kompyuta sehemu nyingine katika safu.